Sifa za Vespa Iliyotoka Kuchongwa

Watu wa Unguja tumeshasifu kila kitu: karafuu, pweza, pilau la harusini, hata jua la Shangani likizama, utadhani kwengine halizami. Kimebaki kimoja tu bila ya msifiaji, nacho hupita mbele yetu kila siku kikitutia moshi puani. Ni vespa iliyotoka kwa fundi baada ya silinda kuchongwa, ikavishwa pistoni mpya na ringi mpya, na mwenyewe akaagizwa aende nayo polepole. Kisiwa hiki kimepata masultani, mabalozi na maraisi, lakini hakijapata mtawala anayetiiwa kama huyu.

Tuanze na nasaba, kama ada. Vespa ilisajiliwa mjini Florence mwezi wa Aprili 1946 kwa jina la Piaggio. Aliyeibuni ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta ambaye pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Injini akaificha ubavuni chini ya bati, mbele akaacha uwazi wa miguu, na bila ya kujua akawa amewafaa wavaa kanzu wa Malindi na Mkunazini, ambao hupanda na kushuka na heshima yao iko pale pale. Injini yenyewe ni tustroki. Haina valvu kichwani, wala haina oili yake ya kudumu ya kulainishia pistoni. Oili huja pamoja na petroli, ikalainisha, ikaungua, ikatoka kwa nyuma. Jamaa zake ni wengi. Wamo mashine za boti za pwani ya Nungwi, na yumo hata mzee wa magari madogo ya mashindano: go-kart ya kwanza, aliyoiunda Art Ingels huko California mwaka 1956, iliendeshwa na injini ya tustroki ya mashine ya kukatia majani. Ni ukoo wa wapiga kelele, lakini ni ukoo.

Sasa tutazame anavyotawala. Silinda ya Vespa PX 150 ina kipenyo cha milimita 57.8. Ikichakaa huchongwa, ikaongezwa sehemu mbili za kumi za milimita, ikatiwa pistoni ya ovasaizi ya kwanza. Ukuta wake huachwa na mikwaruzo iliyopishana, ya makusudi kabisa: oili ipate pa kujishika, na ringi zipate kusaga vincha vya ile mikwaruzo hadi vizoeane. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma cha kusubu, na alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Ukiikimbiza kabla ya wakati wake, pistoni hutanuka hadi ikang'ang'ania ukutani, na gurudumu la nyuma likafunga hapo hapo, ukiwa na abiria au peke yako, ukiwa na haraka au huna. Askari wa barabarani ataonya, ataandika, kisha atapokea simu. Vespa haina mjomba wizarani.

Ndiyo maana huwekwa kwenye arubaini, mfano wa mzazi. Haibebi kiroba, haipakii mtu wa pili, haitolewi safari ndefu saa nane ya mchana, na hupewa oili zaidi ya desturi. Desturi ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Fundi atakwambia uongeze kidogo kwa siku za mwanzo. Akitokea mjuzi, atapinga: oili ikizidi, petroli ndani ya ule mchanganyiko hupungua, na injini inayopata petroli kidogo huzidi kupata moto. Wote wawili wana hoja, na hoja ya namna hii hutosha kumaliza birika zima la kahawa pale Jaws Corner. Nani mwengine mjini ametupa mazungumzo yasiyohusu uchaguzi?

Moshi nao una fadhila zake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000, moshi wa buluu hauna pa kwenda. Huambaa na kuta za mawe, hupanda hadi roshani ya pili, hukaa kwenye kanga zilizoanikwa. Mbu hutawanyika. Wakaazi hutaka kutawanyika pia, ila wao wana nyumba.

"Wee baba, huo moshi kautoe kwenu!"

"Niwie radhi, bi mkubwa. Fundi kanikataza kuzidisha mwendo."

Jibu gani jengine lingemnyamazisha mwanamke mwenye haki? Na jibu hilo hilo hufaa kazini ukichelewa, hufaa shemegi akiomba kupelekwa uwanja wa ndege, hufaa mkeo akikumbusha gunia la mchele.

Mtazame mwenye vespa akielekea Nungwi. Safari ni ya kilomita 60 hivi, na kwa huyu bwana ni ya siku nzima. Mpaka Bububu anafuata mkondo wa heshima, maana kuanzia 1905 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 palikuwa na treni ikitoka karibu na Ngome Kongwe kwenda huko huko. Daladala ya 502 inampita. Ya 116 inampita na kumpigia honi. Baiskeli yenye madafu inamkaribia, na gari la ng'ombe linaanza kupata tamaa. Yeye anaitikia salamu. Aliyezoea kuwatupia watu nusu ya "salama aleikum" sasa anapata kuuliza watoto, mgonjwa na paa lililovuja, na kujibiwa, kabla hajaupita ukuta wa mtu. Kila baada ya mwendo mfupi husimama injini ipoe, ipoe kweli, siyo kuguswa na kidole tu. Na kusimama Unguja ni kusimama chini ya mwembe wa mtu, na mwenye mwembe hakuachi ukae na kiu.

Huna haja ya hadhari sana njia ikiwa tambarare, lakini ukiteremka mteremko kama wa Masingini kuna adabu yake. Usifunge mafuta ghafla gia ikiwa imeingia. Gurudumu linaizungusha injini kwa kasi, na kwa kuwa oili huja na petroli, uliyemnyima petroli umemnyima na oili. Shika klachi, iache ingurume kivyake. Ndoa nyingi zingepona kwa masharti haya.

Wapo wapinzani. Hawa husema injini ikidekezwa sana, ringi hazikazwi ukutani na ukuta hung'aa kabla hazijakaa, ndiyo inakosa nguvu maisha. Naona wana haki zaidi kuliko tunavyopenda kukubali. Dawa ni kubadilisha mwendo, kupandisha kidogo na kushusha, siyo kujikokota kwa mwendo mmoja kama msafara wa maziko. Lakini waseme taratibu. Wakisikika, watu wengi watakosa udhuru.

Mwisho fundi huifungua plagi, akaigeuza juani. Nyeusi ingekuwa mafuta mengi, nyeupe ingekuwa balaa. Ni kahawia. "Haya yakhe, sasa vuta." Hakuna hukumu nzito kuliko hiyo. Bwana yule anarudi kuwa mtu kama watu: anaweza kuchelewa na kulaumiwa, shemegi ana pa kukaa, mchele una pa kupakiwa. Faraja yake ni hesabu: baada ya ovasaizi ya 0.2 ipo ya 0.4, na baada yake ya 0.6. Wiki haijaisha, amerudi kwa fundi na uso wa matumaini.

"Mbona kama naisikia inagonga?"

Fundi akainama, akasikiliza, akashika bati la namba kwa vidole viwili. Kugonga kukakoma.