Nusu Kilo ya Maharage

Aliyeandika kitabu cha maelekezo cha kigari changu hajawahi kukanyaga Mpanda. Mapema tu anakuonya usikiendeshe kwenye vumbi jingi. Hapa mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, maana yake ni kwamba ukitundike ukutani ukitazame.

Kigari chenyewe ni pikapu ya rimoti, moja ya kumi ya zile pikapu za mashindano ya Marekani zinazorushwa kwenye matuta ya udongo pale Crandon, Wisconsin, zikizunguka njia fupi badala ya kukata jangwa kutwa nzima. Bodi yake ni pana na bampa zake zinafunika matairi, ili vigari vikigombana kwenye kona visukumane bila kunasana. Kilifika kwa basi, kwenye boksi lililoandikwa kwa kalamu ya konda: VIFAA VYA HOSPITALI. Sijui nani alikiugulia.

Kazi ya kukirekebisha ilikuwa ya watu wawili, mimi na mpwa wangu, barazani kwetu Makanyagio. Lakini Mpanda si mji wa kushika bisibisi hadharani. Reli ililetwa hapa kutoka Kaliua enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi, na leo watu wanasaga mawe ya dhahabu kwa mashine wanazozifungua na kuzifunga wenyewe. Ukikaza skrubu moja, wapita njia watatu wanasimama, na wa nne anakunyang'anya spana.

Tulianza na gia. Mota ina gia ndogo inayosukuma gia kubwa. Zikibanana sana mota inaungua, zikiachana sana meno yanang'oka. Dawa yake ni kupitisha ukanda wa karatasi katikati, kukaza mota, kisha kuzungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, umepata. Nikamtuma mpwa wangu karatasi. Akaenda dukani kwa shemeji yangu na kuchana ukurasa wa daftari lililokuwa kaunta. Gia zilikaa vizuri ajabu. Karatasi ilitoka na mikunjo safi, na ndani ya mikunjo hiyo kulikuwa na sukari, sabuni za mche na unga wa nusu ya mtaa. Lilikuwa daftari la mikopo. Shemeji hakusema nasi siku nzima. Majirani ndio waliosema: walianza kupita barazani kumsalimia mpwa wangu kwa heshima isiyolingana na umri wake, wakimuuliza gia nyingine zinarekebishwa lini.

Betri nayo ina makuu yake. Ni ya lithiamu, seli mbili, volti 7.4. Ikijaa inafika 8.4 na haitaki hata tone la ziada, kwa sababu ikichajiwa vibaya inavimba na kuwaka moto. Wenye mchezo huu huichaji ndani ya mfuko usioungua. Sisi tuliiweka kwenye chungu chenye mchanga. Umeme ukakatika. Kijana wa bodaboda akaleta pikipiki yake hadi mlangoni, kwa kuwa chaja inakubali volti 12 za betri ya pikipiki bila kinyongo, naye akawa anadai nauli kana kwamba anaipeleka betri Sitalike. Yote yalikwenda sawa hadi mke wangu alipofunua kifuniko kutafuta kisamvu cha jana.

Ndipo akaja binamu yangu kutoka Sumbawanga, na cha kwake mkononi. Kabla hajaketi, umati ulishakipindua kigari kutafuta hirizi chini ya chesisi, kwa heshima ile ambayo Watanzania wote wanaipa Sumbawanga bila kuulizwa. Nilijaribu kuwaeleza kwamba rimoti za siku hizi zinatumia gigahezi 2.4, kila moja imefunga ndoa na gari lake, hakuna anayeweza kuliteka la mwenzake. Mzee mmoja akatikisa kichwa: hata ndoa zinatekwa.

Shida ya binamu ilikuwa shokapu. Alizipima kwao mwezi wa Juni, jioni, watu wamejifunika mablanketi. Mafuta ya silikoni yaliyomo huwa mazito kwenye baridi na mepesi kwenye joto, kwa hiyo kigari kilichotua kwa adabu Ufipa kilipofika Mpanda saa nane mchana kilidunda kwenye kila tuta kama mpira wa makaratasi. Alihitaji mafuta mazito zaidi, namba 40. Vijana wa kijiweni wakasema namba 40 tele, wakamletea oili ya injini. Namba ni ileile, lakini kipimo si kimoja: oili ya injini ya 40 ni nyepesi kuliko mafuta ya shokapu ya 40. Kigari kikazidi kudunda. Watoto wakawa wanahesabu kwa sauti.

Mimi wakati huo nilikuwa natoboa bodi. Pikapu hizi zikiruka, upepo unaingia chini ya bodi na kuinua pua juu, mwavuli mtupu, kwa hiyo wakimbizaji hukata matundu upande wa nyuma. Mzee yule, dereva mstaafu wa malori, alinisimamia hadi nikalazimika kumwamkia mara ya pili.

"Marahaba. Mwanangu, gari jipya unalitoboa?"

Nikamweleza habari za upepo. Akanieleza habari za Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, akashinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. "Na hakuitoboa." Kwa maoni yake, kigari kilikuwa kinaruka kwa sababu hakina mzigo. Lori tupu huruka. Kabla sijajibu, mpwa wangu alikuwa ametumwa dukani, na nusu kilo ya maharage ikafungwa kwa mpira sehemu ya nyuma. Kigari chenyewe hakifiki kilo tatu.

Kusema haki, mzee alikuwa na hoja. Kigari kinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito ukiwa nyuma yanashika ardhi barabara. Tulipoanza kushindana kwenye uwanja wa wazi, cha kwangu kiliondoka kwa nguvu ambayo sijaiona tena. Shida ni kwamba uzito uleule uliyanyanyua magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayokata kona. Cha binamu kilifika kwenye kona ya kwanza kikidunda, kikageuka. Cha kwangu kilifika kwenye kona ya kwanza na kuendelea na safari, kikapita katikati ya umati, kikaingia chini ya meza ya mama ntilie na kupasua mfuko.

Mama ntilie aliokota maharage yote, akayapima kwa macho, akasema hayo ni fidia ya sufuria la chai lililomwagika. Binamu alidai ushindi. Umati ulikataa, kwa sababu alimaliza peke yake na kwa kudunda. Mzee naye hakukubali kwamba nadharia yake imeshindwa.

"Jumapili," aliniambia akivaa kofia, "tufunge mahindi. Maharage yanateleza."