Matumbawe ya Section 58: Jaribio la Uainishaji

Section 58 iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka kuiona bahari yenyewe utakaa garini zaidi ya kilomita 600. Hali hiyo imewafanya wasomi wavivu waamini kwamba mtaa huu wa Nakuru hauna matumbawe. Wangebisha hodi kwanza. Matumbawe yapo, tena ya jamii nne, na moja kati ya hizo ni hai, ama tuseme ni hai hadi stima ipotee.

Jamii ya kwanza ni tumbawe la kabati. Huishi sebuleni, rafu ya juu, kati ya glasi ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzinywea na picha ya harusi. Lilitoka Mombasa wakati wa fungate au ziara ya shule, likiwa limefungwa kwenye gazeti. Ni jeupe, na wengi hudhani ndivyo lilivyozaliwa, kumbe weupe huo ni wa mifupa. Halizai. Adui wake mkuu ni kitambaa chenye maji siku ya Jumamosi, ncha inapokatika na nyumba nzima ikakana.

Jamii ya pili, tumbawe la plastiki, hupatikana kwenye vyumba vya kungojea daktari wa meno, likiwa la waridi na samaki wawili wa maji baridi wakilizunguka. Hatuhitaji kulikalia sana. Sifa yake ya kisayansi ni moja: halijawahi kufa.

Jamii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote kwa uzito, na ndiyo iliyosahaulika. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba malighafi yake katika mawe ya chokaa ya pwani, yaani miamba ya matumbawe ya kale. Basi nyumba yoyote iliyopigwa plasta kwa saruji hiyo ina mwamba wa bahari ukutani, na mpangaji wa vyumba viwili analipia kodi ndani yake kila tarehe tano. Wako wanaopinga kwamba tumbawe lililosagwa na kuchomwa si tumbawe tena. Hoja yao tuliisikiliza kwa makini, tukiwa tumeegemea ukuta.

Sasa jamii ya nne, tumbawe la kioo, lile linalofugwa likiwa hai ndani ya tangi. Jirani akiliona huuliza, “Kijana wangu, hiyo ni mawe, ni maua, ama ni mnyama?” Ni mnyama: kifuko laini chenye mdomo mmoja na vidole vya kunasia chakula. Ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo mno unaompikia kwa mwanga, na chini yake mnyama hujijengea kikombe cha mawe. Maelezo hayo yote humalizwa na swali la pili la jirani, ambalo fasihi ya kimataifa imelikwepa: “Na inaliwa?”

Ugumu wa jamii hii ni kwamba bahari hufanya kazi nyingi bila malipo, na ndani ya tangi kila kazi hutafutiwa kibarua. Kazi ya maji peke yake inachosha. Yanatakiwa yawe na gramu kama 35 za chumvi kwa kila lita, na chumvi ya jikoni haifai, maana kalisi na magnesi hazimo. Maji ya bomba nayo yamepita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, yakachukua silika. Silika ni karamu ya daiatomu, vijimea vidogo vinavyopaka kioo rangi ya kahawia upesi kuliko mwenye tangi anavyoweza kufuta. Ukoo huohuo ndio ulioacha mawe meupe ya Kariandusi, karibu na Gilgil, kwa hiyo hautishwi na sponji. Kuhusu floridi, bahari ina miligramu 1.3 hivi kwa lita, na visima vingi vya Nakuru huipita kwa mbali. Ni kipimo kimoja ambacho mji wetu umeishinda bahari, na ushahidi uko kwenye meno ya wenyeji. Anayefuga matumbawe hununua mtambo wa kuchuja, kisha ayarudishie maji yaliyochujwa karibu kila kitu kilichotolewa.

Lakini kazi ya chokaa ndiyo inayotupendeza. Mafundi wa Lamu walichoma matumbawe kwa kuni wapate chokaa ya kujengea. Mfugaji amegeuza safari hiyo: hukoroga chokaa safi kwenye maji na kuyaacha yadondoke tone kwa tone usiku kucha, maana yakimwagwa kwa pupa ni makali kiasi cha kuua, naye tumbawe huyala akajenga. Wafugaji wengine hujaza mifupa ya matumbawe kwenye mtungi, wakaipulizia gesi ya kaboni hadi iyeyuke, na mchuzi huo wakawapa walio hai. Hapo ndipo tumbawe la kabati la mama mkwe huanza kutazamwa kwa jicho lisilo la heshima.

Mwezi nao ni kibarua. Katika Makumbusho ya Horniman, London, watafiti waliwafanya matumbawe wa aina ya Akropora watage ndani ya matangi yaliyofungwa kwa kuiga machweo, mbalamwezi na joto la misimu ya kwao. Kwa mantiki hiyo, mwenye ploti anayewasha taa ya usalama hadi asubuhi amevunja ndoa nyingi kuliko alizowahi kusimamia.

Joto ni mada ya kinaya. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe yakafa. Section 58 adui ni baridi ya saa kumi alfajiri, na hita hutegemea stima. Isitoshe, kwenye mwinuko huu maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto sawa, kwa hiyo pampu ikisimama muda wa kungoja ni mfupi. Wafugaji hugawanyika hapohapo katika spishi tatu: mwenye betri ya matatu chini ya meza, mwenye sufuria, anayechemsha maji kwa gesi na kuyatumbukiza tangini ndani ya chupa za soda, na mwenye mwiko, anayesimama gizani akikoroga bahari kwa mkono huku tochi ya simu ikiwa mdomoni. Hawa wa tatu ndio wengi.

Linabaki suala la Ziwa Nakuru. Halina mto unaotoka, na hata samaki wake mdogo, tilapia kutoka Magadi, aliwekwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960 ili ale mbu. Kwa vigezo vyetu hilo ni tangi. Kaboneti, ambayo ni nusu ya mfupa wa tumbawe, imejaa humo hadi kuwasha macho. Kalisi, nusu ya pili, karibu haipo, kwa sababu kaboneti hiyohiyo huinasa na kuizamisha chini. Tumeliweka ziwa kwenye kiambatisho hadi kaboneti ikubali kupungua.

Uainishaji wetu umeungwa mkono pasipo kutarajiwa. Mkataba wa CITES, wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, unayasimamia matumbawe ya mawe, yaliyo hai na yaliyokufa, ila umeyaacha yaliyogeuka visukuku. Shangazi anayetaka kumpelekea mwanawe tumbawe la kabati huko Minneapolis atafute kibali kwanza. Akipenda kubeba ukuta, aende tu.