Ombi la Dirisha

Kwa Bwana Meneja wa Uwanja,

KUH: DIRISHA LA KUPITISHIA SAMAKI

Kwa heshima na taadhima, naomba kuanza kwa pongezi. Ua mpya wa uwanja wako umependeza: mrefu, umekazwa sawasawa, miba yake inang'aa juani. Punda hawakatizi tena njia ya kurukia, na kwa hilo sisi wenye ndege ndogo tunakushukuru bila kejeli yoyote, maana punda na propela hawajawahi kupatana. Shida yangu ni ndogo tu. Ua umepita kati yangu na chakula changu.

Unapajua mahali penyewe. Maegesho yetu yako kule pembeni kabisa, mlikotusogeza tusiwaharibie picha watalii. Nyuma yake, ng'ambo ya nyaya, kuna banda la makuti la yule mama anayechoma samaki na kumpaka tui zito lenye ukwaju. Nikizima injini, propela haijasimama vizuri, harufu imeshaingia hadi kwenye kiti cha rubani. Mama ananiona. Namwona. Huinua samaki kwa koleo ili niridhike na ukubwa wake, nami huitikia kwa kichwa. Biashara imekwisha hapo, imebaki kula.

Ndipo safari inapoanza. Sharti nitembee hadi jengo la abiria, nilipe ada ya kutua kwenye dirisha hili, ada ya kuegesha kwenye dirisha lile (madirisha ya kupokea pesa, Bwana Meneja, hamna uhaba nayo), nitokee mlango wa mbele, niwapite madereva wa teksi wanaotaka kunipeleka hotelini, kisha nizunguke ua wako wote kwa mguu, juani, hadi nifike pale nilipokuwa nimesimama mwanzo, upande wa pili wa waya. Marubani wa Marekani wana utani wao juu ya hambaga ya dola 100, kwa sababu mafuta ya kuifuata yanaishinda bei hambaga yenyewe. Wao wanalalamikia bei. Wakitua, wanakula.

Kurudi ndiko kunakonitoa machozi.

"Tiketi?"

"Sina. Nina ndege."

"Ndege gani?"

"Ile nyeupe, kule mwisho."

"Rubani wake yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Sawa. Tiketi?"

Askari wako simlaumu. Ameandikiwa kwamba anayepita pale ni abiria, na abiria ana tiketi. Basi navua mkanda, navua viatu, nafungua kifurushi nilichowafungia wenzangu Nairobi. Hapo hupatikana chupa ya pilipili ya mama. Inazuiwa, kwa usalama wa ndege. Ndege ipi? Yangu. Nani wa kuitishia? Mimi. Yaani serikali inahofia kwamba nikiwa angani juu ya Tsavo, peke yangu, nitajitolea pilipili na kujiamuru nigeuze ndege. Baada ya kuniokoa na nafsi yangu, wananifungulia mlango niende kwenye Cessna 172 yenye nafasi ya lita mia mbili za petroli na chuma cha kuivutia kinachotosha kuvunja mlango wa benki. Hicho hakuna aliyewahi kukiulizia.

Na muda unakwenda. Ndege yangu hukata kilomita 200 hivi kwa saa, na kutoka kwako hadi uwanja wa Wilson, Nairobi, ni zaidi ya saa mbili, upepo ukiwa na huruma. Sisi tunaoruka kwa kuangalia nje sharti tuwe chini kabla ya jua kuzama. Kila dakika ninayotafutiwa tiketi ninailipa baadaye, nikikimbizana na giza na mawingu ya jioni.

Kwa hiyo naomba dirisha. Liwe la kiasi: upana wa sinia moja, kimo cha glasi ya juisi ya ukwaju, na kizingiti cha saruji cha kuwekea ndimu. Sitaki samaki apite kiholela. Afike mapema, apangwe foleni, awekwe kwenye mashine ya kukagulia mizigo ili ionekane wazi kwamba ndani mna miba peke yake. Apewe tiketi, maana yeye kweli ni abiria, na safari yake ni ya kwenda tu. Apimwe uzito; hilo nitalifurahia, kwa kuwa kabla ya kuruka nahesabu kila kilo, na samaki aliyemo tumboni mwangu ni mzigo kama mzigo mwingine. Spika itangaze: changu wa sahani ya pili, anayeungana na wali wa nazi, ajongee dirishani. Chapati zisubiri ziitwe. Najua jambo kubwa namna hii halifanywi kwa pupa, kwa hiyo iundwe kamati, iende Dubai kujifunza madirisha kwa wiki mbili, irudi, ilipwe marupurupu, itangaze zabuni. Siku ya ufunguzi tukate utepe, na jiwe la msingi liwe na jina lako kwa herufi kubwa kuliko dirisha lenyewe.

Utasema ua hauwezi kutobolewa. Lakini una lango, Bwana Meneja. Lile dogo, lenye kufuli, hatua chache kutoka kwenye moto wa mama. Tumeliona likifunguliwa. Hufunguliwa helikopta ya mheshimiwa inapotua, na samaki wa mama yuleyule hupita hapo kwenye mabakuli ya moto, bila tiketi, bila kuvuliwa kitu, askari wakishika mfuniko. Mheshimiwa hula kivulini mwa helikopta yake, huondoka, na kufuli hurudi. Mama aliniambia mara nyingine bili huondoka na helikopta. Sasa niambie usalama huo ni wa nani. Mimi nalipa ada zako zote, nasimama soksi chini nikiulizwa rubani yuko wapi, na mtu asiyejulikana hata na mizani yako anapitishiwa karamu uwanjani!

Uniwie radhi, kalamu imeteleza. Nilikuwa kwenye dirisha.

Mengine ni madogo. Kalamu yenye wino kwenye ofisi ya ada. Mfuko wa upepo usiochanika, kwani ulioko sasa huonyesha pande mbili. Maji chooni. Petroli ya ndege ndogo siiombi tena. Nimezoea kujaza Nairobi ya kwenda na kurudi.

Jumamosi nitakuwepo, hali ya hewa ikiruhusu. Mama ameshaahidi tafi mkubwa.

Wako mtiifu, soksi zikiwa safi,

Rubani Asiye na Tiketi

Nakala: Mama wa banda la makuti (ipitie jengo la abiria, ikaguliwe).