Kitufe cha Shemeji

Mng'aro wa kitufe kwenye skrini ni uongo wa hadharani. Hakuna kioo, hakuna taa, hakuna polishi. Ni umbo jekundu tu lililobandikwa weupe upande wa juu, weupe unaofifia ukielekea katikati, basi. Jicho linaapa limeona kitu cha kushikika. Steve Jobs aliujua udhaifu huu: mwaka 2000, alipoonyesha sura mpya ya kompyuta za Apple iliyoitwa Aqua, alijigamba kuwa ilikusudiwa mtu akiiona atamani kuiramba. Dunia ikaiga, hadi 2013 Apple wenyewe walipoufuta mng'aro huo kwenye iOS 7, mfumo wa simu zao, na kila kitu kikawa bapa.

Habari hizo za 2013 hazijafika Kariakoo, kwenye duka la vitenge la shemeji yangu. Alitengenezewa tovuti na kijana mmoja wa chuo, akaipenda yote isipokuwa kitufe cha "Agiza Sasa".

"Kimepooza, shemeji. Nataka king'ae."

Nikamweleza kuwa siku hizi ubapa ndio mtindo. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mteja anayeingia dukani akiomba kitenge kilichopauka.

Nikafungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure kwa mfuko. Kwa roho inatoza. Kila kitu humo hukaa kwenye tabaka lake: wekundu chini, mng'aro juu yake, maandishi juu kabisa. Ukiyavuta maandishi, unasogea wekundu. Ukiuvuta wekundu, mng'aro unabaki peke yake hewani, ukiangaza patupu. Ukitaka kufuta kidogo, programu inakuambia kwa adabu kwamba tabaka ulilochagua limefungwa, bila kukutajia aliyelifunga. Mke wangu alipita, akatazama, akasema, "Usiku wote huu, kitufe?" Akaenda kulala.

Kulipokucha kitufe kilikuwa kinang'aa hasa. Nikamtumia yule kijana, naye akakihifadhi upya kwa JPEG ili kiwe chepesi. JPEG haina uwazi: pale pasipo na kitu huweka rangi, na mara nyingi rangi hiyo ni nyeupe. Kwa hiyo kitufe changu cha mviringo kikatokea kwenye ukurasa wa kijani kikiwa ndani ya kisanduku cheupe. Wekundu, mng'aro, kisanduku: wateja wawili wakauliza kwa WhatsApp kama shemeji ameanza kuuza dawa.

Tukarudisha PNG, ambayo uwazi inaujua. Shemeji akafurahi kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipohamia barabarani. Bila kuniuliza alikipeleka kitufe kwa fundi wa mabango, kikuzwe kiwe cha mita nzima na kutundikwa mlangoni. Picha yenye upana wa pikseli 200 ikitandazwa mita moja, kila pikseli inakuwa kipande cha nusu sentimita. Kwa karibu, kazi yangu ya usiku kucha ni vigae vya bafuni. Kwa mbali, lazima nikiri, inang'aa kuliko duka lote.

Inang'aa mno. Watu wanakibonyeza. Mtoto alianza, mama yake akafuata "kuona tu", kisha mzee mmoja mwenye baraghashia akakibonyeza kwa kidole gumba, akasubiri, akamgeukia shemeji kwa heshima zote: "Binti yangu, hii kengele yenu haifanyi kazi."

Shemeji hana mpango wa kukishusha, maana kila anayebonyeza huishia kuangalia kitenge. Anachotaka sasa ni cha pili, cha dhahabu, kilichoandikwa "Punguzo". Ukipita Kariakoo ukakiona kile chekundu, ndugu msomaji, usijisumbue kukibonyeza. Ingia tu ndani. Bei ni maelewano.