Abiria Mwenye Leseni

Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu mbele ya foleni nzima, kisha kijana wa kaunta ya magari ya kukodi akanirudishia kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayerudisha samaki aliyechina. Hiyo ilikuwa Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, saa mbili asubuhi, wiki tatu zilizopita. Nikifumba macho bado naviona vile vidole.

Pesa kwenye kadi zilikuwamo. Nikamwambia hivyo kwa Kitaliano, kwa sababu mimi ni mtu wa Malindi, na Kitaliano cha Malindi hakisomwi darasani, huokotwa ufukweni pamoja na makombe. Najua kumsalimu Muitaliano, kumuulizia mama yake, kumuuzia kinyago na kumpunguzia bei hadi ajione mjanja. Nikamwita yule kijana "amico". Nikaomba "sconto". Kwetu neno hilo hufungua milango. Pale lilifunga hata ule uliokuwa wazi. Akanijibu kwa Kiingereza, na aliyesema Kitaliano akajibiwa Kiingereza hahitaji kuambiwa amepata alama ngapi.

Alichotaka ni kadi ya mkopo. Yangu ilikuwa kadi ya kutolea pesa zangu mwenyewe, na kumbe hizo ni kadi mbili tofauti kama punda na pundamilia.

Hapa sina budi kueleza, maana mambo haya niliyachunguza baadaye kwa bidii ambayo laiti ningeifanya mapema. Bei unayoiona kwenye intaneti ni ya kukuita tu. Mimi niliona euro 19 kwa siku nikacheka peke yangu usiku. Sikujua kuna ada ya kuchukua gari uwanja wa ndege, ingawa gari lenyewe lilikuwa pale pale uwanjani na halikusumbuliwa na mtu. Lakini hiyo ni chenga. Pilau yenyewe ni bima.

Gari la kukodi Italia lina bima tayari: ile ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria, na nyingine ya gari lenyewe. Hii ya pili ndiyo yenye kitu kinachoitwa franchigia, neno ambalo katika miaka yangu yote ya ufukweni hakuna Muitaliano aliyewahi kunitamkia. Ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla bima haijaamka usingizini. Yangu ilikuwa euro 1,600. Ukikwaruza mlango kwa euro 300, bima imelala, unalipa zote 300. Ukilipindua shambani, bima inaamka baada ya wewe kutoa 1,600. Na hata ikiamka, mara nyingi haigusi tairi, vioo, paa wala tumbo la gari. Nilijaribu kuhesabu kinachobaki. Ni milango, na boneti.

Unaweza kununua bima ya juu ya kuifuta franchigia. Nilitajiwa euro 28 kwa siku, yaani kumlinda punda ni ghali kuliko kumpanda. Nilikataa. Basi, ili wawe na hakika kuwa utaweza kuzibeba zile 1,600, wanataka kuzishika kwanza. Na tuseme kweli, hapa niliwavulia kofia. Hawazichukui. Hakuna senti inayotoka. Benki inazifungia tu pembeni, kama mbuzi aliyefungwa mwembeni siku ya kuamkia harusi: hajachinjwa, bado ni wako, lakini jaribu kumfungua uone. Ukirudisha gari salama, kamba inakatwa baada ya siku chache, au wiki kadhaa, kwa mwendo ambao benki yako itajisikia.

Sasa kwa nini lazima iwe kadi ya mkopo? Kwa sababu kwa kadi kama yangu, mbuzi ni wangu kweli. Naweza kuila akaunti yote kesho, na ikija hasara mwezi ujao pasiwe na kitu cha kukata. Kwa kadi ya mkopo mbuzi ni wa benki, na benki haihami nyumba usiku. Kwa hiyo mwenye pesa zake hana wa kumdhamini, na mwenye deni anaaminika. Nimeipindua hoja hii kila upande nikitafuta tundu. Haina.

Haina, lakini inaniuma, na niseme ninapoumwa. Muitaliano akitua Malindi anakodi gari la binamu yangu kwa noti mkononi na nakala ya pasipoti. Akilikwaruza, wanakwenda wote wawili kwa fundi wa rangi, wanabishana, wanagawana gharama, na jioni wanakula pamoja. Mimi ili nifike kwao nililipa euro 90 za visa, nikatoa taarifa za benki, barua ya mwajiri, hati ya kiwanja, na tiketi ya kurudi ili waone sina nia ya kubaki. Nilikwisha kuthibitisha, kwa mihuri, kwamba nina pesa. Halafu mtu wa kwanza ninayetaka kumlipa ananiambia pesa zangu si pesa, kwa kuwa ni zangu. Nyuma yangu mzee mmoja aliguna kwa Kijerumani. Sijui Kijerumani, lakini mguno ule niliuelewa.

"Baba watoto," akasema mke wangu, "hebu nipishe."

Miaka miwili kabla, benki yake ilimpa kadi ya mkopo bila yeye kuomba. Nilimhubiria jioni nzima. Nilisema mtu mzima hatembei na deni kwenye pochi. Nilisema marehemu babu yangu alikufa hadaiwi hata kibiriti. Hakunijibu. Aliitia kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa mpira, na sasa, mbele ya Fiumicino yote, akaufungua ule mpira taratibu, duru kwa duru, kama anayefungua hirizi.

Mashine ikalia mara moja. Kijana akatabasamu, mara yake ya kwanza tangu tuonane. Kisha akaeleza kwamba mwenye kadi ndiye anayekuwa dereva mkuu. Leseni? Mke wangu akaitoa. Kibali cha kimataifa cha udereva? Akakitoa. Alikichukua siku ile ile niliyochukua changu, na nakumbuka nilimwuliza wewe cha nini. Dereva wa pili anaweza kuongezwa, akasema kijana, kwa euro 12 kwa siku. Siku saba, euro 84. Nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono mfukoni, noti ninazo, lakini dereva mkuu aliomba atajiwe tena hesabu, akaigeuza kuwa shilingi kichwani, ikafika elfu kumi na mbili na ushei.

"Ya nini?" akasema. "Mikono si ninayo?"

Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mtu kuendesha. Nilipewa kazi ya kujaza anwani kwenye fomu.

Tulipofika kwenye gari nilifungua mlango wa kulia kwa mazoea, nikaketi, nikanyoosha mikono, nikakuta hakuna usukani. Kwa siku mbili kila alipotaka kukata kona aliwasha waipa, maana magari yetu ya Japani indiketa ziko kulia na ya kwao kushoto, na tukavuka nusu ya Lazio tukipangusa vioo vikavu chini ya jua. Jamaa zetu wa Tanzania mzunguko wa barabara huuita kiplefti. Nawaombea wasije wakakodi gari Italia. Kwenye petroli tulisimama upande wa "servito", tukihudumiwa kama kwetu, tukagundua kuhudumiwa kuna bei yake. Kwenye kituo cha kulipia barabara tuliingia mstari wa manjano, wa wenye kifaa cha Telepass, na hayo mengine sitayasimulia.

Lakini la Toscana ni langu peke yangu. Miji mikongwe ya huko, Firenze, Siena, Pisa, imezungushia vitovu vyake eneo linaloitwa ZTL, ambamo magari ya wageni hayaingii hivi hivi. Lango lake halina mlango wala askari, ni kamera tu inayosoma namba ya gari. Katika mji mmoja tulikuta kibao cha taa kikisema "varco attivo". Dereva mkuu akapunguza mwendo, akaniuliza maana yake. Hatimaye nilikuwa na kazi. Varco ni lango, nikasema, attivo ni hai, linafanya kazi. Na lango linalofanya kazi ni lango linalopitisha watu. Pita, mama. Kumbe kilicho hai ni kamera. Likiwa hai usipite, likishakufa, karibu. Hoteli ilitupotea, tukapita mara tatu.

Juzi kadi ya mke wangu imekatwa euro 50 mara tatu. Hizo si faini. Ni ada ya kampuni ya kuwapa polisi jina lake. Faini zenyewe ziko njiani, na kwa mtu anayeishi nje ya Italia sheria inawapa siku 360 za kumfikia.

Zitafika, maana anwani niliijaza mimi na niliijaza sawasawa: ni sanduku la posta la shule ya msingi alikofundisha baba mkwe, ambalo mtaa mzima hulitumia. Kila Jumatatu mwalimu mkuu husimama gwarideni akasoma majina ya wenye barua, ili watoto wazipeleke nyumbani. Mwanangu yuko gredi ya tano pale. Nimemwambia akisikia jina la mama yake, asinyooshe mkono.