Spishi za Mawakala wa Nyumba Kisiwani Singapore: Uainishaji wa Awali

Wakala wa nyumba wa Singapore ni kiumbe anayehangaika mchana na usiku. Anapatikana katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 750, chenye watu kama milioni 6, na idadi yake imeshapita 30,000. Kwa wingi huo mtafiti hahitaji darubini. Asimame tu chini ya ghorofa, atazame juu kama mtu anayetafuta pa kupanga, na kielelezo kitamfuata chenyewe.

Sheria ya zamani ilimweka kundi moja na wathamini wa mali, na leseni yake ilitoka kwa mamlaka ya kodi. Vyama vya taaluma vilikuwa na mpango wa ithibati, lakini wa hiari: aliyependa alijiunga, asiyependa aliendelea kuuza. Oktoba 2010 likaundwa Baraza la Mawakala wa Nyumba, CEA, na uainishaji ukaanza upya.

Leo jamii hii ina matawi mawili halali. Tawi la L ni kampuni, na huitwa hivyo kwa sababu namba ya leseni yake huanza na herufi hiyo. Tawi la R ni wakala mmoja mmoja. R haruhusiwi kuishi bila L, wala kushikamana na L wawili kwa wakati mmoja; ni uhusiano wa kupe na ng'ombe, ila hapa utafiti haujabaini nani anamnyonya nani. L wengine ni wakubwa mno: PropNex peke yake imebeba R zaidi ya 10,000. R huzaliwa akiwa na umri usiopungua miaka 21, baada ya kufaulu mtihani wa karatasi mbili, na kila mwisho wa mwaka lazima usajili wake uhuishwe.

Tawi la tatu halina herufi. Ni binamu, jirani, au rafiki wa mwenye nyumba "anayesaidia tu" kisha anadai chake. Msaada huo bila usajili unaweza kumgharimu dola 25,000 za Singapore, kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Kampuni isiyo na leseni hupanda daraja: dola 75,000, miaka mitatu, au vyote viwili.

Sasa tabia, ambako ndiko penye utamu. Nadharia inayopendwa na vyama vingi vya taaluma duniani husema dalali hurekebishwa kwa semina za maadili. Singapore nayo inamsomesha, lakini haikutegemea moyo wake. Imemshika mikono na ulimi. Mikono: haruhusiwi kupokea fedha za mauziano ya nyumba, wala kodi ya nyumba za HDB, bodi ya serikali inayowahifadhi zaidi ya robo tatu ya wananchi na wakazi wa kudumu. Ulimi: haruhusiwi kuwawakilisha muuzaji na mnunuzi katika biashara ileile. Kwa kanuni hizi mbili, yule anayemnong'oneza muuzaji bei moja na mnunuzi nyingine, akabaki na cha juu, amenyang'anywa malisho. Tena haruhusiwi kuwa mkopeshaji fedha, endapo angewaza kumkopesha mteja ile amana asiyoruhusiwa kuipokea.

Mwandishi huyu anaiona nadharia ya mikono kuwa bora kuliko ya semina. Semina huisha saa kumi na chai.

Zaidi ya hayo, kielelezo hutembea na lebo yake. Tangazo lake lazima liwe na jina, namba ya usajili na simu, na mtu yeyote anaweza kuitafuta simu hiyo katika rejista ya CEA mtandaoni.

Kitu kimoja kimeachwa huru: kamisheni. Hakuna kiwango kilichowekwa na sheria. Mteja na wakala hukubaliana wenyewe. Basi ukipanga au kununua huko, na mtu akakuambia asilimia yake imepangwa na serikali, muombe namba yake ya R, ifungue rejista mbele yake, kisha anzeni kupatana.