Mwajiriwa wa Kihamba

Paka wa Machame aliajiriwa kulinda mahindi darini. Sasa panya wanampa shikamoo. Kutwa yuko jikoni kando ya mafiga, baridi ya Julai kawaachia wanaokwenda shambani. Ng'ombe akikamuliwa, yeye wa kwanza kwenye foleni, ingawa jani la mgomba hajakata hata moja. Mpe dagaa: atanusa, atakutazama kama bwana shamba aliyeonyeshwa mbuni wenye kutu, kisha huyoo. Desemba, wana wa Dar wakipanda na magari yao kuchinja mbuzi, ghafla ana undugu na kila mgeni. Januari wakishuka, anarudi kwa bibi kudai mshahara. Na bibi, aliyemfokea mjukuu kwa kuchelewa kuamka, analipa.